Mali Bila Daftari: Njia ya Kijana Kuelekea Kazi ya Ulinzi wa Mitandao

(Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya wajumbe wa Bodi, mameneja na makarani wa vyama wanachama)



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika vyama vya ushirika methali hii iligeuzwa kuwa utaratibu wa kazi. Kasha la fedha lilipewa funguo zaidi ya moja, na kila ufunguo ukashikwa na mtu wake. Karani aliyepima mazao hakuwa ndiye aliyelipa. Stakabadhi iliandikwa pamoja na nakala yake, daftari likafungwa jioni, na mkaguzi akaja kutazama kama hesabu ya kitabuni inalingana na fedha iliyomo kashani. Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, lililoundwa mwaka 1982, husimamia kanuni hiyo hiyo: kwamba uaminifu wa mtu mmoja, hata uwe mkubwa namna gani, hautoshi kulinda mali ya wengi.

Leo daftari limehama. Salio la akiba la mwanachama, hisa zake, mkopo wake na kilo alizopeleka ghalani huandikwa katika kompyuta. Malipo hupita katika simu. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na ikafika Tanzania mwaka 2008. Tume ya Maendeleo ya Ushirika nayo imeleta Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, MUVU, ili taarifa za vyama zitunzwe na kusomwa kwa njia ya mtandao. Haya ni maendeleo, na hakuna chama kitakachopenda kurudi nyuma. Lakini katika vyama vingi mlinzi wa usiku bado anakaa mbele ya mlango wa ofisi akilinda kasha lenye stakabadhi, wakati mali yenyewe inapita katika waya na hewani pasipo mlinzi.

Hivyo basi, swali lililo mbele ya vyama ni hili: nani atakayelilinda daftari hili jipya, naye atapatikana wapi? Mazungumzo haya yana jibu moja. Mtu huyo aghalabu yupo tayari ndani ya chama. Ni karani kijana, au binti wa mwanachama aliyemaliza kidato cha nne. Njia yake ni ndefu, lakini inajulikana, ina hatua, na kila hatua hutegemea ile iliyotangulia. Chama kikiipanga njia hiyo pamoja naye, kitapata mlinzi. Kisipoipanga, kitabaki kuwaita mafundi wa kupita njia, na kuwakabidhi funguo watu kisiowajua.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Mtandao ni barabara inayounganisha kompyuta na kompyuta. Kama ilivyo barabara ya kwenda ghalani, hupitisha mwenye mali na mwizi pia. Mlinzi wa mtandao haifungi barabara, maana ikifungwa biashara hufa. Kazi yake ni kujua nani apite, apite wapi, amebeba nini, na kuandika habari za kila apitaye.

Wataalamu huigawa kazi hiyo katika mambo matatu. La kwanza ni siri: taarifa za mwanachama zisisomwe na asiyehusika. La pili ni usahihi: tarakimu iliyoandikwa isibadilishwe na asiye na mamlaka. La tatu ni upatikanaji: siku mwanachama anapokuja kuchukua akiba yake ili alipe ada ya shule, mfumo uwe unafanya kazi. Mtu akitazama vizuri ataona kwamba mambo hayo matatu si mapya. Ndiyo yaliyotarajiwa kwa kila karani mwema tangu ushirika ulipoanza.

Kwa sababu hiyo si kweli kwamba kazi hii ni ya vijana wa mjini peke yao, wala si kweli kwamba ni uchawi. Ni kazi ya daftari iliyopanuka. Ushahidi mzuri wa jambo hili ni kisa kimoja cha Marekani.

SENTI 75 ZILIZOPOTEA

Mwaka 1986, katika maabara ya Lawrence Berkeley huko California, alikuwapo mtaalamu wa nyota aitwaye Clifford Stoll. Fedha za utafiti wake zilipokwisha alihamishiwa kwenye chumba cha kompyuta, kazi ambayo hakuisomea. Wakati huo watumiaji wa kompyuta walitozwa ada kwa muda waliotumia, na hesabu ziliwekwa na programu mbili tofauti. Mwezi Agosti hesabu hizo mbili hazikulingana. Tofauti ilikuwa senti 75 tu za dola, thamani ya sekunde chache za matumizi ya kompyuta. Stoll aliagizwa atafute chanzo.

Mtu mvivu angelirekebisha kitabu na kwenda nyumbani. Stoll aliifuata tofauti hiyo mpaka akagundua kwamba mtu asiyejulikana alikuwa ameingia katika mfumo na kujipa madaraka ya msimamizi. Wakuu wa maabara wangeweza kumfungia njia mara moja, lakini uamuzi ulikuwa kumwacha aingie huku akitazamwa. Stoll aliunganisha mashine za kuchapa kwenye njia za simu zilizoingia kwenye kompyuta, ili kila neno aliloandika mvamizi lichapwe karatasini. Aliweka daftari la kila siku, akiandika saa na tukio. Baadaye alitengeneza mafaili ya uongo, yaliyojaa maneno ya kupendeza macho ya mpelelezi, ili mvamizi akae muda mrefu kwenye simu na njia yake ifuatiliwe. Baada ya miezi mingi ufuatiliaji uliishia Hannover, katika Ujerumani ya Magharibi, kwa kijana Markus Hess, ambaye pamoja na wenzake alikuwa akiwauzia Warusi wa KGB taarifa kutoka kompyuta za jeshi la Marekani. Mwaka 1990 walitiwa hatiani.

Kisa hiki kina mafunzo mawili kwa vyama. Kwanza, wizi mkubwa uligunduliwa na ulinganishaji wa hesabu, kazi ambayo kila karani wa ushirika huifanya mwisho wa mwezi. Pili, aliyegundua hakuwa na cheti cha ulinzi wa mitandao. Alikuwa na tabia ya kutoridhika na hesabu isiyofungika. Vyeti vina thamani yake, na vitaelezwa hapa chini. Lakini Bodi inayomtafuta kijana wa kumwendeleza na imtafute kwanza yule ambaye senti 75 humnyima usingizi.

MSINGI KABLA YA PAA

Kosa kubwa la vijana wanaoipenda kazi hii ni kutaka kuanza juu. Kijana huona picha za wadukuzi, akapakua programu za kuvunja nywila, akadhani amekwisha kuwa mtaalamu. Huyu ni sawa na mtu anayetaka kuwa mkaguzi wa hesabu kabla ya kujua kuandika stakabadhi. Hawezi kulinda kitu asichoelewa jinsi kinavyofanya kazi kikiwa kizima.

Hatua ya kwanza ni kuijua kompyuta yenyewe. Kijana ajifunze kuifungua, kubadilisha diski na kumbukumbu yake, kuweka mfumo endeshi wa Windows na wa Linux, kutengeneza akaunti za watumiaji na kuzifuta, kuhifadhi nakala ya akiba na, jambo ambalo wengi hulisahau, kuirudisha nakala hiyo ili kuhakikisha kwamba inasomeka. Cheti kinacholingana na hatua hii ni A+ cha taasisi ya CompTIA. Kiingereza cha kusoma vitabu vya kazi ni cha lazima, na hisabati ya kidato cha nne hutosha kwa mwanzo.

Hatua ya pili ni kuujua mtandao. Hapa ndipo mahali pa kukaa muda mrefu. Kijana aelewe maana ya anwani ya IP, na jinsi mtandao mmoja mdogo wa kawaida unavyokuwa na anwani 256, ambazo 254 hupewa vyombo. Aelewe tofauti ya swichi, inayounganisha kompyuta za ofisi moja, na ruta, inayoiunganisha ofisi na ulimwengu. Ajue kwamba huduma mbalimbali hupita katika milango yenye namba zake: mlango 443 kwa kurasa zilizofichwa kwa usimbaji, mlango 53 kwa huduma ya kutafsiri majina kuwa anwani, mlango 22 kwa msimamizi anayeingia katika seva kutoka mbali. Asiyezijua namba hizo atamwekaje mlinzi mlangoni?

Juu ya yote ajifunze kuugawa mtandao. Katika ofisi nyingi kompyuta ya akiba na mikopo, kompyuta ya mizani, simu ya meneja na simu ya mgeni aliyekuja kunywa chai zote hutumia mtandao mmoja na nywila moja iliyobandikwa ukutani. Hali hii ni sawa na kuliweka kasha la fedha uwanjani. Fundi aliyejifunza vizuri hutenganisha sehemu hizo ili simu ya mgeni isiweze hata kuiona kompyuta ya akiba. Vyeti vya hatua hii ni Network+ cha CompTIA, au CCNA cha kampuni ya Cisco. CCNA hakidai cheti kingine kabla yake. Cisco pia imekuwa na mpango wa mafunzo tangu mwaka 1997, wenye masomo ya mwanzo yasiyolipiwa, na vyuo vingi vya Afrika Mashariki hushiriki katika mpango huo.

Hatua ya tatu ndiyo ulinzi wenyewe. Kijana ajifunze kuweka kizuizi cha mtandao, kile ambacho mafundi hukiita fayawoli, na kuandika kanuni zake; kusoma kumbukumbu za mfumo na kutambua lililo geni; kuziba matundu ya programu kila marekebisho yanapotolewa; na kuwapa watumiaji madaraka yanayotosha kazi zao, yasizidi. Cheti kinachojulikana hapa ni Security+. Wenye cheti hicho, CompTIA, hushauri mtahiniwa awe amekwisha kupata Network+ na kufanya kazi kwa miaka 2. Shauri hilo linathibitisha kwamba mpangilio wa hatua haukubuniwa na walimu ili kuwachelewesha vijana. Kwa anayetaka kupima moyo wake mapema, taasisi ya ISC2 ilianzisha mwaka 2022 cheti cha mwanzo kiitwacho Certified in Cybersecurity, ambacho hakidai uzoefu wowote wa kazi.

Hatua ya nne ni kuchagua tawi, maana kazi hii ina matawi kama ilivyo taaluma ya udaktari. Wapo walinzi wa zamu, wanaokesha wakitazama dalili za uvamizi. Wapo wajenzi, wanaopanga mitandao salama tangu mwanzo. Wapo wapimaji, wanaojaribu kuvunja mfumo kwa idhini ya mwenyewe ili udhaifu uonekane kabla mwizi hajauona. Mtihani mmoja wa tawi hili, OSCP, humweka mtahiniwa kazini kwa karibu saa 24, kisha humpa siku nyingine ya kuandika taarifa. Wapo wachunguzi, wanaokusanya ushahidi baada ya kosa. Na wapo wakaguzi wa mifumo, ambao cheti chao, CISA, hutolewa na taasisi ya ISACA. Kwa karani aliyelelewa katika hesabu za ushirika, tawi hili la mwisho ni jirani kabisa.

Hatua ya tano ni ya uongozi. Cheti cha CISSP hudai miaka 5 ya kazi ya kulipwa katika sehemu mbili au zaidi kati ya 8 za taaluma hii, ingawa shahada inayofaa huweza kupunguza mwaka mmoja. Hapa hapana njia ya mkato. Kahawa hupandwa, hupaliliwa na kusubiriwa miaka mitatu au minne kabla ya mavuno ya kwanza. Wakulima, kuliko watu wengine, wanapaswa kuielewa subira hiyo.

YALIYOTOKEA BANGLADESH

Pengine mjumbe atauliza kama msingi huu wa swichi na ruta ni muhimu kiasi hicho. Jibu limo katika tukio la Benki Kuu ya Bangladesh la Februari 2016. Wezi walioingia katika mtandao wa benki hiyo walituma maagizo 35 kwenye Benki ya Hifadhi ya New York, wakitaka kuhamisha karibu dola milioni 951. Dola milioni 81 zilifika Ufilipino, na sehemu kubwa ikapotelea katika nyumba za kamari. Dola milioni 20 nyingine, zilizopelekwa Sri Lanka, ziliokolewa kwa sababu neno moja katika jina la mpokeaji liliandikwa vibaya na karani wa benki akatia shaka.

Wezi hao waliichagua siku yao. Walianza Alhamisi usiku, kwa kuwa Ijumaa ni mapumziko Bangladesh; Jumamosi na Jumapili ni mapumziko New York; na Jumatatu iliyofuata ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina huko Manila. Mashine ya kuchapa taarifa za malipo haikufanya kazi, na waliokuwapo wakadhani ni ubovu wa kawaida. Mpelelezi wa polisi wa Bangladesh alieleza baadaye kwamba chumba cha malipo hakikuwa na fayawoli, na kwamba kilitumia swichi za mtumba za dola 10.

Kumbe benki ya taifa zima iliangushwa na mambo ya hatua ya pili na ya tatu. Fundi wa kawaida, mwenye msingi mzuri na sauti ya kusikilizwa, angeyaona. Na yule aliyeokoa dola milioni 20 alisoma kwa makini karatasi iliyokuwa mbele yake, akakataa kupitisha asichokielewa.

Somo linafanana na lile la Mei 12, 2017, wakati programu ya kudai kikombozi iitwayo WannaCry ilipoenea katika nchi zipatazo 150 na kuzifunga kompyuta nyingi za hospitali za Uingereza. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya kuziba tundu hilo tangu Machi 14, karibu miezi miwili kabla. Waliodhurika wengi hawakuwa wameyaweka. Sehemu kubwa ya ulinzi wa mitandao ni usafi wa kila siku, kama kufagia ghala ili panya wasipate pa kuzalia.

MAADILI NA SHERIA

Elimu hii ni kama panga. Hufyeka shamba na huua mtu. Kwa hiyo kijana hana budi kufundishwa mpaka wake siku ya kwanza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ya Tanzania hulifanya kuwa kosa tendo la kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Haidhuru kijana alikuwa anajaribu tu, au alitaka kumwonyesha mwenye mfumo udhaifu wake. Idhini itangulie, iwe ya maandishi, itaje mfumo gani, siku gani, na mpaka wapi.

Mazoezi yafanywe katika maabara ya mwenyewe. Kompyuta mbili kuukuu, swichi moja na ruta moja hutosha kuanzia. Na siku hizi kompyuta moja yenye nguvu huweza kubeba ndani yake kompyuta kadhaa za kuigiza, kijana akazivunja na kuzijenga upya bila kumdhuru mtu.

Kadhalika chama chenyewe kina wajibu wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, humtaka kila anayekusanya taarifa za watu azilinde. Jina la mwanachama, namba yake ya simu, picha yake na salio lake ni amana. Chama hakiwezi kusema kwamba hakikujua.

WAJIBU WA CHAMA, NA HOFU ILIYOPO

Mahali pa kusoma hapakosekani. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza mwaka 1963 kama Chuo cha Ushirika na kupata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2014, hufundisha teknolojia ya habari na mawasiliano kwa ajili ya biashara. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya ulinzi wa mitandao na uchunguzi wa makosa ya kidijitali, na Chuo cha Uhasibu Arusha nacho kina masomo ya ulinzi wa mitandao. Asiyeweza kwenda chuoni huweza kuanza kwa kozi fupi, vitabu na maabara yake ndogo, huku akiendelea na kazi. Akijiwekea saa 8 kwa juma bila kukosa, kwa mwaka atakuwa amesoma saa 416. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini kuna hofu ambayo wajumbe huinena kwa sauti ya chini nje ya mkutano, nayo yafaa inenwe waziwazi. Chama kitoe fedha za wanachama, kimsomeshe kijana miaka mitatu, kisha benki ya mjini imwite kwa mshahara ambao chama hakiuwezi. Je, hiyo si kumwagilia shamba la jirani?

Hofu hiyo ina haki yake, na haijibiwi kwa maneno matamu. Inajibiwa kwa mpango. Kwanza, chama kimoja cha msingi kisijitwike mzigo huu peke yake. Kati ya kanuni saba za ushirika zilizothibitishwa na Shirikisho la Kimataifa la Ushirika mwaka 1995, ya tano ni elimu, mafunzo na habari, na ya sita ni ushirikiano baina ya vyama. Vyama kumi vikichanga chini ya chama kikuu huweza kuwasomesha vijana wawili na kuwalipa mshahara wa heshima, nao wakavihudumia vyama vyote kumi kwa zamu. Pili, wawe wawili, kamwe asiwe mmoja. Mmoja akiondoka, elimu haiondoki naye. Tatu, pawepo mkataba wa haki unaotaja muda wa kutumika na deni linalopungua kila mwaka, usiomfunga kijana kama mtumwa wala kuuacha mlango wazi. Nne, kila kilichojengwa kiandikwe: ramani ya mtandao, kanuni za fayawoli, orodha ya vyombo, na utaratibu wa kurudisha nakala ya akiba. Nywila kuu ziwekwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, ndani ya kasha, chini ya saini mbili.

Jambo la nne ni zito kuliko linavyoonekana. Chama kisiikimbie hatari ya mwizi wa mbali kikaangukia mikononi mwa fundi wake mwenyewe. Anayeusimamia mtandao asiwe ndiye anayeidhinisha malipo, na anayesimamia kumbukumbu asiweze kuzifuta peke yake. Kanuni ile ya funguo mbili haijazeeka.

Vile vile uchaguzi wa kijana ufanywe kwa haki. Nafasi hii si zawadi kwa ndugu wa meneja. Itangazwe, na waombaji wapewe jaribio dogo: hesabu mbili zisizolingana, na nusu siku ya kutafuta sababu. Mabinti waalikwe kwa maneno yaliyo wazi, maana wengi wao ndio makarani wanaofunga vitabu kila jioni, na mara nyingi husahauliwa yanapotajwa mambo ya mashine.

MPANGO WA MIAKA MITANO

Kwa chama kinachotaka kuanza, mpango huu unaweza kufuatwa na kurekebishwa kulingana na hali ya mahali:

1. Mwaka wa kwanza: kijana atunze kompyuta za ofisi, aandike orodha ya vyombo vyote, aweke nakala za akiba kila siku na kuzijaribu kila mwezi. Ajiandae kwa mtihani wa msingi.

2. Mwaka wa pili: ajifunze mtandao, achore ramani ya mtandao wa chama, atenganishe kompyuta za fedha na vyombo vingine. Afanye mtihani wa Network+ au CCNA.

3. Mwaka wa tatu: aweke na kusimamia fayawoli, asome kumbukumbu za mfumo kila asubuhi, awafundishe makarani kutambua ujumbe na simu za utapeli. Afanye mtihani wa Security+.

4. Mwaka wa nne: achague tawi, akae kwa muda na wataalamu wa chama kikuu au taasisi nyingine inayokubali, aandike utaratibu wa chama wa kufuatwa siku ya uvamizi.

5. Mwaka wa tano: amfundishe mwenzake aliye nyuma yake. Asiyemwacha mwanafunzi hajamaliza kazi.

Kila mwaka ufungwe kwa taarifa ya maandishi mbele ya Bodi, na muhtasari wake usomwe kwenye mkutano mkuu kwa lugha ambayo kila mwanachama ataielewa. Ikumbukwe kwamba vyeti vya CCNA na Security+ hudumu miaka 3 tu, kisha huhuishwa. Bajeti ya elimu iwe ya kila mwaka.

Hata kabla ya kumpata kijana huyo, Bodi huweza kuanza kwa maswali manne katika kikao kijacho. Je, chama kina orodha ya kila kompyuta na kila simu inayotumia mtandao wake? Nani ana nywila kuu, na je, waliokwisha kuacha kazi wamefutwa katika mfumo? Nakala ya akiba ilijaribiwa lini mara ya mwisho? Na mfumo ukizimika leo, mwanachama atalipwaje kesho? Chama kisichoweza kuyajibu maswali hayo kisiaibike. Lakini kisilale nayo.

Ndugu wajumbe, mwanachama anapoweka akiba yake haulizi habari za ruta wala fayawoli. Anawaamini watu wa chama chake, kama mzazi wake alivyomwamini karani wa mizani. Amana hiyo sasa imo ndani ya mashine, na mashine haina aibu wala dhamiri. Dhamiri ni ya mtu anayeilinda, na mtu huyo hana budi kuchaguliwa, kusomeshwa na kusimamiwa na chama chenyewe.